Kaya Zetu Hazili Kupita Kiasi

Kila serikali inapokwama kifedha, hoja moja hurudi mezani: Wakenya hutumia mno na kuweka akiba kidogo. Hoja hii ina tarakimu za kuiegemeza. Matumizi ya kaya nchini Kenya huchukua takriban robo tatu ya Pato la Taifa. Katika Umoja wa Ulaya sehemu hiyo ni kama asilimia 52. Marekani ni karibu 68, na Uchina haifiki 40. Anayezipanga tarakimu hizi kwenye mstari mmoja bila kuuliza zaidi ataondoka akiamini kwamba Mkenya ni mlaji, Mzungu ana kiasi, na Mchina ni bahili. Imani hiyo si ya kweli, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa juu yake hujengwa sera za kodi na makato ya mishahara.

Nitaipima tarakimu yetu nikiwa Sachangwan, kituo kilichoko kati ya Salgaa na Mau Summit kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret. Nimepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapa na katika eneo zima la Molo watu huishi kwa viazi, mahindi, karoti na maziwa, na sehemu kubwa ya wanachozalisha hailali sokoni, hulala jikoni mwao. Pili, barabara hii ndiyo njia ya shehena zinazotoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Ukisimama kando yake unaona matumizi ya jumuiya nzima yakipanda mlima kwa gia ndogo.

Hesabu yenyewe

Wanatakwimu huweza kulipima Pato la Taifa kwa upande wa matumizi. Hujumlisha wanachonunua wenyeji majumbani, inachotumia serikali kuendesha huduma, na kinachowekezwa katika barabara, mitambo na majengo. Kisha huongeza bidhaa na huduma tunazouza nje na kuondoa tunazoagiza. Kwa Kenya, katika miaka ya karibuni, kaya zimechukua kama asilimia 75, serikali kama 12, na uwekezaji kati ya 17 na 20. Jumlisha hizo tatu. Unapita mia. Kinachozidi ndicho tunachoagiza kutoka nje zaidi ya tunavyouza.

Mwaka 2023, Pato la Taifa lilipokuwa shilingi trilioni 15.1, tuliagiza bidhaa za takriban shilingi trilioni 2.6 na kuuza nje za takriban trilioni moja. Pengo hilo huonekana barabarani. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia zaidi ya tani milioni 40 za mizigo, na sehemu kubwa mno ilikuwa shehena ya kuingia. Lori hupita Sachangwan likielekea Malaba likiwa limejaa ngano, mafuta ya kupikia, mitumba, vyuma na mbolea. Likirudi, mara nyingi kontena mgongoni ni tupu. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kaya kwa kula robo tatu ya pato, tukumbuke kwamba asilimia ni kisehemu, na kisehemu kina pande mbili: kinacholiwa, na pato ambalo mlo huo hupimwa nalo. Sehemu ya mlo inaweza kuwa kubwa kwa sababu sahani imejaa. Inaweza pia kuwa kubwa kwa sababu pato ni dogo.

Kiazi kisicho na risiti

Mkulima wa Sachangwan akivuna viazi, sehemu huenda kwa dalali barabarani na sehemu hubaki ghalani kwa chakula. Kile kilichobaki hakina risiti, lakini mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa huagiza kwamba nacho kihesabiwe. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, hukadiria wingi wake, hukipa bei ya soko, kisha hukiingiza mara mbili: upande wa uzalishaji kama mazao, na upande wa matumizi kama chakula cha kaya. Vivyo hivyo kwa maziwa yanayonywewa nyumbani na mahindi yanayopelekwa posho-mili kwa unga wa familia. Kwa ufafanuzi wake, mazao ya aina hii ni matumizi kwa asilimia mia moja. Hayawezi kuwa akiba wala mauzo ya nje. Nchi yenye wakulima wengi wanaojilisha wenyewe itakuwa na sehemu kubwa ya matumizi hata kama hakuna mtu anayefuja senti.

Tatizo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1940 mwanauchumi Mwingereza Phyllis Deane alijaribu kutunga hesabu za mapato ya Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi. Aliona kwamba kazi nyingi za vijijini, hasa za wanawake, zingepotea kabisa iwapo kingehesabiwa tu kilichopita sokoni. Umoja wa Mataifa ulipochapisha mwongozo wake wa kwanza mwaka 1953, ulioongozwa na Richard Stone, mifano iliyokuwa mezani ilikuwa hasa ya nchi zenye viwanda, mishahara na risiti. Mwongozo huo umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Leo kuteka maji na kutafuta kuni ni uzalishaji unaostahili kuhesabiwa. Kupika kwa kuni hizo na kulea mtoto nyumbani bado si uzalishaji. Mama wa Sachangwan akipika nyumbani, kazi yake haimo katika pato. Mfanyakazi wa Frankfurt akinunua chakula kilichopikwa, kazi ya mpishi imo. Tunapolinganisha mabara, tunalinganisha pia kazi ngapi zimehamia sokoni.

Twende mbali kidogo zaidi katika boma hilohilo. Familia ikinunua mtamba wa maziwa, fedha hizo ni uwekezaji, kwa sababu ng'ombe wa maziwa huhesabiwa kama mali ya kuzalishia. Ikijenga nyumba mpya, huo nao ni uwekezaji. Ikibadilisha mabati machache yanayovuja, hayo ni matumizi. Kijana akinunua pikipiki ya bodaboda, ni uwekezaji. Babake akinunua pikipiki ileile ya kwendea kanisani na sokoni, ni matumizi. Na Januari ikifika, familia ikauza magunia ya viazi ili kulipa karo ya shule ya upili, kila shilingi ya karo hiyo huandikwa matumizi, kwenye safu moja na sukari na sabuni.

Hapa ndipo tarakimu inapotudhulumu zaidi. Ukimwuliza mzazi yeyote wa Bonde la Ufa ni wapi amewekeza maishani, atataja shamba, ng'ombe na elimu ya watoto, na mara nyingi elimu ndiyo ataitaja kwanza. Hesabu za taifa hazimwoni hivyo. Sehemu ya ile robo tatu tunayoambiwa tumeila ni karo ambayo imezaa madaktari, walimu na mafundi.

Nani hulipia shule na hospitali?

Swali hilohilo la karo ndilo linaloeleza kwa nini Ulaya huonekana kuwa na kiasi. Nchini Denmark au Ujerumani mtoto husoma na mgonjwa hutibiwa, kwa sehemu kubwa, kwa gharama ya serikali au bima ya umma. Huduma hizo hutumiwa na watu walewale, lakini katika hesabu huwekwa chini ya matumizi ya serikali, ambayo katika Umoja wa Ulaya hufika takriban asilimia 21 ya pato. Unganisha 52 za kaya na 21 za serikali upate 73. Kwa Kenya, unganisha 75 na 12 upate 87. Pengo bado lipo, lakini limepungua kutoka alama 23 hadi 14.

Marekani ni kinyume chake. Huko matibabu huchukua karibu asilimia 17 ya pato lote, na hata sehemu inayolipwa na bima ya serikali ya wazee huandikwa katika matumizi ya kaya. Ndiyo sababu Mmarekani huonekana kutumia zaidi sana ya Mjerumani, ilhali sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni bili za hospitali. Mtu hafurahii bili ya hospitali jinsi anavyofurahia shati jipya, lakini katika tarakimu vyote ni matumizi.

Sisi wenyewe tumewahi kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, kisha ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008, mzigo uliokuwa mfukoni mwa mzazi uliingia kwa kiasi katika bajeti ya serikali. Watoto hawakusoma kidogo zaidi. Walisoma wengi zaidi. Kwa hiyo anayetaka kujua iwapo watu wa jumuiya fulani wanaishi vyema asitazame matumizi ya kaya peke yake. Aunganishe na yale ambayo serikali huwatolea raia mmojammoja, kama shule na dawa. Wanatakwimu wana kipimo cha namna hiyo, nacho ndicho Ulaya hutumia inapolinganisha hali za maisha baina ya wanachama wake. Afrika Mashariki tungefaa kukizoea.

Uchina: akiba iliyotoka mezani

Watetezi wa kubana matumizi hupenda kuielekezea kidole Uchina. Ni kweli kwamba huko uwekezaji hupita asilimia 40 ya pato, na kwamba reli, bandari na viwanda vyake vimeishangaza dunia. Lakini tuulize akiba hiyo ilitoka wapi. Miaka ya 1980 kaya za Uchina zilitumia kama nusu ya pato. Kufikia 2010 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 35. Mishahara haikupanda sawa na pato, riba za amana benki zilishikwa chini, na mamilioni ya wafanyakazi waliohamia mijini walinyimwa huduma za kijamii kwa sababu ya mfumo wa usajili wa makazi. Familia zisizo na pensheni ya kutegemewa wala uhakika wa matibabu ziliweka akiba kwa hofu.

Viongozi wao wenyewe waliona kasoro hiyo. Mwaka 2007 Waziri Mkuu Wen Jiabao alionya hadharani kwamba ukuaji wa uchumi wao haukuwa na mizani. Tangu wakati huo mipango yao ya maendeleo imekuwa ikitaja haja ya kuinua matumizi ya raia, na hadi leo bado hawajafika mbali. Kisichoweza kununuliwa na Wachina lazima kinunuliwe na wengine. Sehemu ya shehena inayopita Sachangwan, kuanzia vigae na betri hadi simu na pikipiki za kuunganishwa, ni uzalishaji wa jumuiya moja iliyobana matumizi yake ukitafuta mnunuzi katika jumuiya nyingine. Matumizi ya chini ya Beijing na nakisi yetu ya biashara ni pande mbili za hesabu moja.

Sehemu si kiasi

Kosa jingine kubwa ni kusahau kiasi. Pato la mtu mmoja nchini Kenya ni takriban dola 2,000 kwa mwaka. Robo tatu yake ni kama dola 1,500. Pato la mtu mmoja nchini Uchina ni kama dola 13,000, na asilimia 39 yake inapita dola 5,000. Katika Umoja wa Ulaya, zaidi ya nusu ya pato linalozidi dola 40,000 ni zaidi ya dola 20,000. Kwa hiyo Mchina, ambaye sehemu yake ni nusu ya yetu, hutumia zaidi ya mara tatu ya Mkenya. Mzungu hutumia zaidi ya mara kumi na tatu. Bei za vitu ni nafuu zaidi huku kwetu, na ukizirekebisha pengo hupungua, lakini mpangilio haubadiliki.

Tutazame pia kinachonunuliwa. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo sehemu ya matumizi yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Kanuni yake haijavunjika. Utafiti wa bajeti za kaya wa KNBS wa 2015/16 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya Wakenya ni chakula, na vijijini sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Katika Umoja wa Ulaya, chakula cha nyumbani ni kama asilimia 13 ya matumizi. Marekani ni pungufu ya hapo. Huwezi kumwambia mtu apunguze matumizi wakati zaidi ya nusu ya matumizi hayo ni unga, viazi, mboga na mafuta ya kupikia. Atapunguza nini, mlo wa mchana au wa jioni?

Sachangwan inajua, kwa uchungu ambao hauelezeki, maana ya kuishi bila akiba. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka hapa. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wapo waliosema wakati ule kwamba ulikuwa uroho. Mimi nimeyatazama maisha ya kaya za Afrika Mashariki kwa miaka mingi kupitia vitabu vya hesabu, na sikubaliani nao. Mtu mwenye fedha za mwezi mzima mkononi haendi kuinamia petroli iliyomwagika kwa ajili ya galoni chache. Robo tatu ya pato ikiwa ni ya kujikimu tu, watu hubaki wazi mbele ya kila balaa na kila kishawishi cha senti, na hili ndilo linalopaswa kuwanyima usingizi wapangaji wa uchumi.

Jumuiya moja, nyumba tofauti

Hata maneno "Umoja wa Ulaya" au "Jumuiya ya Afrika Mashariki" hufunika mengi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, matumizi ya kaya za Ugiriki hukaribia asilimia 70 ya pato huku ya Ireland yakiwa chini ya 30. Mwairishi hali mlo mmoja kwa siku. Pato la nchi yake limevimba kwa faida za kampuni kubwa za kigeni zilizosajiliwa huko, faida ambazo hazifiki mezani kwake. Vivyo hivyo kwa Qatar, ambako mauzo ya gesi hulikuza pato kiasi kwamba matumizi ya kaya hubaki chini ya thuluthi.

Kwetu, jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999 imekua hadi nchi nane, Kongo ikiingia 2022 na Somalia ikikamilisha uanachama Machi 2024. Tofauti zake ni pana kuliko za Ulaya. Tanzania, kwa takwimu za Benki ya Dunia, ina matumizi ya kaya yasiyofika asilimia 60, na uwekezaji unaokaribia 40. Reli ya kisasa na Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 ni sehemu ya hesabu hiyo. Kenya iko robo tatu. Somalia hupita asilimia mia: kaya zake hutumia zaidi ya nchi inavyozalisha, kwa sababu fedha za ndugu walio ughaibuni na misaada huingia kila siku.

Fedha hizo za ughaibuni zatuhusu nasi. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9, na Marekani ndiyo iliyoongoza kama chimbuko lake. Fedha hizi hazimo katika Pato la Taifa, kwa kuwa zimechumwa kwenye ardhi ya wengine. Lakini zikifika kwenye simu ya mama kijijini zikanunua unga na kulipa karo, huingia katika matumizi ya kaya. Juu ya kisehemu zimo, chini hazimo. Ufilipino, nchi nyingine inayotegemea sana wanawe walio nje, nayo ina matumizi ya kaya ya karibu robo tatu ya pato. Basi sehemu ya "ulaji" wetu ni jasho la muuguzi aliyeko Texas na yaya aliyeko Riyadh. Kumlaumu mpokeaji kwamba anatumia zaidi ya uwezo wa nchi ni kumnyima haki.

Makato na barabara

Ni vyema kuyaweka haya yote mbele ya sera za miaka ya karibuni. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara ikaanzishwa. Viwango vipya vya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, vilivyokuwa katika sheria ya 2013, vilianza kutozwa Februari 2023. Oktoba 2024 bima mpya ya afya ikaanza kukata asilimia 2.75. Katikati ya hayo, pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16 liliondolewa Juni 2024, kabla Mswada wa Fedha wenyewe haujatupwa siku moja baada ya maandamano ya Juni 25.

Kwa lugha ya hesabu za taifa, hatua hizi zina lengo moja: kuondoa shilingi katika matumizi ya kaya na kuzipeleka serikalini au katika uwekezaji. Si dhambi. Nchi haiwezi kujenga bila akiba, na ikikosa yake hukopa ya wengine. Mfano uko hapahapa Sachangwan. Mwishoni mwa 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara ya Rironi, Nakuru hadi Mau Summit, na NSSF imeshirikiana na kampuni ya Uchina katika mradi huo, utakaorudisha gharama kwa ada za barabarani. Akiba ya mfanyakazi wa Kenya na akiba ya jumuiya iliyobana matumizi ya raia wake zimekutana kwenye lami moja. Barabara hii imeua watu wengi mno, na upanuzi wake umesubiriwa kwa muda mrefu.

Lakini tuulize mambo mawili. La kwanza, akiba hii ya lazima hutolewa na nani? Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ni za sekta isiyo rasmi, kwa hiyo makato ya mshahara huwaangukia wafanyakazi wachache wenye hati za malipo, ambao wengi wao ndio wanaolisha jamaa vijijini. La pili, ada atakayolipa mwenye lori itaishia wapi? Itaishia kwenye bei ya mbolea inayopanda kwenda Molo na bei ya viazi vinavyoshuka kwenda Nairobi. Uwekezaji ukifadhiliwa kwa namna inayopandisha bei ya chakula, utakuwa umetoza mlo uleule ambao ndio sehemu kubwa ya ile robo tatu. Wenye pensheni wana haki ya kuona mkataba, ada na faida inayotarajiwa, kwa tarakimu zilizo wazi.

Tukuze kilicho chini

Njia iliyo bora ya kushusha sehemu ya matumizi ni kukuza pato lililo chini ya mstari wa kisehemu. Kwa eneo hili hilo si jambo la nadharia. Molo ilikuwa nchi ya pareto. Wakati wa enzi yake Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo, ikitoa sehemu kubwa ya pareto iliyouzwa kote, na maua meupe ya mashamba madogo yalikuwa karo na nyumba za mawe. Malipo ya wakulima yalipoanza kucheleweshwa kwa miezi na hata miaka, waling'oa mimea, na kisiwa cha Tasmania huko Australia kikachukua nafasi. Kaya hazikuanza kula zaidi pareto ilipokufa. Zilipoteza fedha ambazo zingezidi mlo.

Kiazi kilichoshika nafasi ya pareto ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, lakini hakimwachii mkulima ziada. Aina inayopendwa sana, Shangi, huchipua upesi baada ya kuvunwa, hivyo asiye na ghala la baridi huuza wiki hiyohiyo, wakati kila jirani anauza. Dalali huja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, na ingawa kanuni za 2019 zilikataza gunia la zaidi ya kilo 50, lumbesa haijakwisha barabarani. Kila kilo inayoingia bure kwenye kilemba hicho ni akiba ambayo haikuwekwa. Ghala la ushirika, mbegu safi, mizani inayosimamiwa na kaunti, na kiwanda kinachonunua kwa mkataba vingeongeza akiba ya Sachangwan kuliko hotuba yoyote ya kubana mkanda.

Tunahitaji pia kujijua vizuri zaidi. Tangu 2019 KNBS huchapisha pato la kila kaunti, na Nakuru huwa miongoni mwa zinazoongoza, ikisaidiwa na umeme wa mvuke wa Olkaria na maua ya Naivasha. Takwimu hizo hupimwa kwa upande wa uzalishaji. Zinaonyesha kaunti inazalisha nini; hazionyeshi kaya zake zinakula nini, wala ni kiasi gani cha pato la Olkaria hufika jikoni Sachangwan. Serikali ya kaunti inayopanga bajeti bila kujua hilo inapanga gizani. Utafiti wa bajeti za kaya unapaswa kufanywa kwa ratiba isiyoyumba, kwa kiwango cha kaunti, na matokeo yake yawe mikononi mwa umma kabla ya kila Mswada wa Fedha.

Basi safari nyingine waziri au mshauri wa kigeni akisimama na jedwali linaloonyesha kwamba matumizi yetu ni robo tatu ya pato huku ya wengine ni nusu, raia amwulize maswali manne. Ni kiasi gani cha matumizi hayo ni chakula? Nani hulipia shule na hospitali katika nchi unazotulinganisha nazo? Fedha za ughaibuni umeziweka wapi? Na wewe unapanga nini ili pato lenyewe likue? Asipoweza kuyajibu, jedwali lake lisitumiwe kuongeza kodi hata ya shilingi moja juu ya unga.

Kaya za Sachangwan hutumia karibu kila kinachopatikana kwa sababu kinachopatikana ni kidogo. Wajibu wa sera ni kukiongeza.